Si unesi tu: jibu langu kuhusu wanawake wa hospitalini

Swali lenu la wiki hii linauliza: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwanamke aliyetaka kazi ya hospitali bila kuwa nesi alikuwa na njia gani? Wengi watawatajia maabara, eksirei, fiziotherapia na lishe, na ni kweli, wanawake walikuwa wengi huko. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hospitalini, kwa hiyo nitajibu kwa kazi yangu, nikianzia Uingereza.

Kule aliitwa almona. Wa kwanza, Mary Stewart, aliajiriwa mwaka 1895 katika Royal Free Hospital ya London ili kuchuja nani ana uwezo wa kulipa na nani atibiwe bure. Tarehe 5 Julai 1948, serikali ilipoanza kutoa matibabu bure kwa wote, mzigo huo uliondoka. Mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe sasa almona alipata muda wa kuuliza yanayomhusu mgonjwa hasa: nani atampikia akirudi nyumbani, watoto wamebaki na nani, je, ana pa kulala?

Cicely Saunders ndiye ninayempenda zaidi. Alisomea unesi wakati wa vita, mgongo ukamkatisha, akasomea ualmona. Mwaka 1947, akiwa hospitali ya St Thomas', alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw aliyekuwa mhudumu wa mgahawa. Alikuwa na saratani na hakuwa na ndugu wa kumuuguza. Saunders aliendelea kumtembelea hadi alipofariki mwaka uliofuata, wakizungumza kuhusu mahali ambapo mtu kama yeye angetunzwa vizuri zaidi. Tasma alimwachia pauni 500, akisema kwamba kwa pesa hizo yeye atakuwa dirisha katika nyumba ya namna hiyo, itakapojengwa. Saunders akarudi darasani, akahitimu udaktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, kusini mwa London, hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nyayo hizo zimefika kwetu: Nairobi Hospice ilianza 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, humfikia mgonjwa akiwa nyumbani kwake.

Nasisitiza hili kwa sababu sisi bado tumefungwa na lile la 1895. Mgonjwa anakuja na barua ya mtendaji wa mtaa kuomba msamaha wa gharama, nami naanza: unafanya kazi gani, unapata kiasi gani, nani anakusaidia? Foleni imefika mlangoni. Mama mmoja nilishamsainia fomu ndipo akanieleza, akiwa anainuka, kwamba amemfungia nyumbani mtoto wa miaka minne peke yake. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la siku ile, na kwenye fomu halina mstari.

Wakuu wa hospitali, tuongezeeni watu, na huo mstari uongezwe.