Unapotoka kwenye ng'ombe kuja kwa mbwa na paka

Mkono uliozoea ng'ombe huja kliniki ya mjini na mazoea mawili: bomba kubwa la sindano, na kukadiria uzito kwa jicho. Ng'ombe wa kilo 300 ukimkadiria 320, hakuna kitakachoharibika. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 ukimkadiria 4, umempa dawa mara mbili. Kwa hiyo kabla hujajaza kabati, nunua mizani. Ya bafuni inatosha kwa kuanzia: panda peke yako, panda tena umembeba mbwa, kisha toa. Paka na watoto wadogo wapime kwenye mizani ya jikoni, ndani ya beseni. Andika kilo kwenye kadi kila mnyama anapokuja, hata kama amekuja kukatwa kucha tu.

Ajali unayoweza kuisababisha siku ya kwanza kabisa iko kwenye chupa unayoijua vizuri: ivamektini ya asilimia 1, dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Kila mililita ina miligramu 10, na ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hichohicho, mbwa wa kilo 5 anastahili mililita 0.1. Bomba la ng'ombe halina hata alama ya kiasi hicho. Chukua bomba la insulini la uniti 100. Alama ya 10 ndiyo 0.1. Mbwa wa aina ya koli (wachunga kondoo), pamoja na machotara wao, usiwachome kabisa, na mtoto wa chini ya wiki 6 vilevile: kwao dawa hupenya hadi kwenye ubongo. Dalili ni kuyumba, mboni kupanuka, kutoona, kutetemeka, mwisho kuzimia, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Mteja mwenye uwezo wa kununua kidonge cha kupe kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa, muuzie hicho.

Chanjo nazo hueleweka vibaya, na wateja hubishana juu yake. "Si alichomwa mwezi uliopita?" Alichomwa, lakini kinga aliyoinyonya kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Kinga hiyo humwishia mmoja wiki ya 8, na ndugu yake wa uzao huohuo wiki ya 14, na kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana chanjo ya pavo (kirusi cha kuhara damu) na distempa (kirusi cha mapafu na ubongo) huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4, mpaka ya mwisho iangukie wiki ya 16 au baadaye. Usihesabu idadi ya sindano. Tazama umri aliokuwa nao siku ya sindano ya mwisho. Mbwa aliyechomwa mara tatu akamaliza wiki ya 11 bado anaweza kufa kwa pavo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka, kisha kwa kufuata maelezo ya chupa na sheria ya eneo lako. Zote hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, itupe. Ya unga ukishaichanganya na maji yake, ichome palepale. Iliyobaki tangu asubuhi hailindi kitu.

Pavo ikiingia kliniki, sakafu ni tatizo kuliko mgonjwa mwenyewe, kwa sababu kirusi hukaa kwenye mazingira kwa miezi. Dawa za kunukia zinazogeuka nyeupe kwenye maji haziuui, na kwa paka ni sumu. Osha uchafu kwanza kwa sabuni, kisha paka jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, uache dakika 10 ndipo ufute. Wasiomaliza chanjo wabaki mikononi mwa wenyewe, wasitembezwe chini.

Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa na minyoo tayari, maana mabuu hupita kwenye kondo la nyuma. Anza wiki ya 2, rudia kila wiki 2 hadi ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Watoto wa paka waanze wiki ya 3. Mama apewe siku hiyohiyo.

Sasa kichaa. Mbwa ataletwa mate yakimchuruzika, taya limelegea, sauti imebadilika, na mwenyewe atakuambia amekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni. Uliza kwanza: chanjo ya mwisho lini, tabia imebadilika tangu siku gani, amemng'ata nani. Asipokuwa na kadi ya chanjo, mfungie peke yake na umpigie ofisa mifugo wa eneo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Mbwa anayeonekana mzima aliyemng'ata mtu huangaliwa siku 10. Wewe mwenyewe uwe umeshachanjwa kabla ya kuanza kazi, siku ya 0 na ya 7. Kliniki isiyokuchanja isikukabidhi mbwa.

Paka ana hesabu zake. Ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, anahema kwa taabu. Mteja akikuambia amempa "nusu panadoli tu", usisubiri dalili. Dawa ya viroboto yenye pamethrini, iliyoandikwa mbwa, humtia degedege. Doksisaiklini ya kidonge ukimpa kikavu hunasa kooni na kuunguza. Mfuatishie maji mililita 5 kwa bomba lisilo na sindano. Chakula pia: ugali na maziwa haviwezi kumlea, anahitaji nyama au samaki aliyepikwa kila siku.

Lakini linalowaponyoka wapya zaidi ni hili. Paka dume analetwa kwa sababu "hapati choo". Anachuchumaa, anajikamua, analia, hatoi kitu. Ukimpa mafuta ya kulainisha choo na kumrudisha nyumbani, huenda akafa ndani ya siku mbili au tatu, maana kilichoziba ni njia ya mkojo. Kabla ya lolote, weka kiganja chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, ubonyeze polepole kwa vidole. Ukikuta kitu cha mviringo, kigumu kama limau au chungwa bichi, hicho ni kibofu kilichojaa. Usikikamue, kitapasuka. Ni dharura ya saa hiyo: azibuliwe kwa mpira mwembamba akiwa amelazwa kwa dawa, na kama huna vifaa, mpeleke kwa aliye navyo.

Uzeeni ndipo kadi ya uzito inapolipa. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni kama mtu wa kilo 60 kupungua 7.5, na chini ya manyoya huwezi kuona. Akiwa anakunywa maji mengi pia, fikiria figo, na kisukari. Jike la mbwa ambalo halijafungwa kizazi, likikunywa sana na kukataa chakula wiki 4 hadi 8 baada ya joto la kutaka dume, shuku usaha kwenye mfuko wa uzazi, hata kama hautoki nje. Hilo ni la upasuaji. "Ni uzee tu" ni neno la mwenye mnyama. Wewe tazama meno, pima, sikiliza moyo.

Na ukifika wakati wa kumpumzisha mnyama, tumia maneno ya wazi. Mtoto akiambiwa mbwa "analala" ataogopa kulala. Baada ya sindano sikiliza moyo kwa dakika mbili kamili ndipo useme amekufa. Mzoga wenye pentobabitali, dawa ya sindano hiyo, uzikwe zaidi ya mita moja, mawe juu, kwa sababu mbwa wa jirani akiufukua na kuula, dawa hiyohiyo itamuua.