Kifundo kimepona ila kidole gumba kimejikunja

SWALI: Shikamoo dokta. Nauza mitumba Kiboriloni, hapa Moshi. Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikavunjika kifundo cha mguu, nikapasuliwa wakaweka vyuma, mfupa ukaunga vizuri tu. Shida ni kidole gumba, nikisimama kinajikunja kama ukucha wa kuku, ncha inasugua kiatu mpaka imeota sugu, ila nikilala mguu ukalegea kinanyooka chenyewe. Jirani anasema mishipa imekufa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mshipa uliokufa haukunji kidole halafu ukakinyoosha ukilala, na hapo ndo umenipa nusu ya jibu. Kuna msuli kwenye kigimbi, kano yake, yaani ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, inashuka nyuma ya kifundo, inapita chini ya unyayo mpaka kwenye gumba. Pale ulipovunjika inaweza kunasa kwenye kovu au kwenye mfupa mpya ulioota, ikawa kama kamba ya mbuzi iliyofungwa fupi, ukisimama inavutika kidole kinakunja, ukilala unyayo unaelekea chini inalegea.

Jipime. Kaa kitandani, elekeza unyayo chini, kinyooshe kidole kwa mkono, halafu inua unyayo taratibu. Kikianza kujikunja, basi ni kano. Kikibaki kimekunjwa hata unyayo ukiwa chini, jointi yenyewe imeshakakamaa na hiyo ina matibabu mengine.

Wakati mwingine chanzo ni uvimbe wa siku zile za kwanza, unabana damu isifike kwenye misuli ya ndani, misuli inageuka kovu inafupika, ndo maana namsihi yeyote mwenye hogo (plasta ngumu ya mvunjiko) sasa hivi, maumivu yakizidi badala ya kupungua na ukinyooshwa vidole unapiga kelele, rudi hospitali saa hiyo hiyo usisubiri kesho.

Mazoezi yanasaidia mapema, ila kano iliyonasa mwaka mzima mara nyingi inataka upasuaji, wanaiachia au wanairefusha. Usikubali mtu akuvute kidole kwa nguvu! Vaa kiatu kipana chenye nafasi juu ya vidole, na kama una kisukari hiyo sugu usiichezee.

Nenda kliniki ya mifupa hospitali ya KCMC hapo Moshi na picha zako za eksirei za zamani, na mwombe daktari akiangalie kidole ukiwa umesimama, maana ukiwa umelala tu atakikuta kimenyooka.