Jibu: Tingatinga Oysterbay na vinyago Mwenge kwa siku moja

Mkuu, umeuliza kama siku moja inatosha kwa wachoraji wa Oysterbay na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, na picha utaibebaje. Inatosha. Anza asubuhi na wachoraji wa picha za Tingatinga, karibu na Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Wanachora palepale, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kutoa simu.

Tatizo kubwa ni rangi. Ni ya mafuta, ile ya kung'aa. Juu hukauka, ndani bado mbichi. Gusa kwa upole penye rangi nene, hasa madoadoa. Kidole kikinata, lipia kiasi, uifuate baada ya siku kadhaa. Ikikauka, itolewe kwenye fremu na uiviringishe rangi ikiwa nje, kwenye bomba pana. Rangi ikiwa ndani hujikunja na kubanduka. Usitumie nailoni, inanata. Weka karatasi ya kuokea.

Mwenge, sugua kitako cha kinyago kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikitoka cheusi, si mpingo, ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Mpingo ni mzito na huzama majini. Michirizi ya njano iliyofifia isikutishe, ni mbao ya nje ya mti huohuo.