Je, Juke ya umbo jipya itafaa kwa safari za Likoni?

SWALI: Mhariri, naendesha Nissan Juke ya zamani na sasa nataka kuagiza kutoka Uingereza ile ya umbo jipya, ya mwaka 2020, yenye giaboksi ya otomatiki na rimu kubwa. Naishi Likoni, nafanya kazi kisiwani, na kila asubuhi napanda feri nikiwa na watoto wawili na mama mkwe. Je, kilichobadilika ni sura tu? – Mama wa Likoni

JIBU: Si sura tu, dada. Kizazi hiki cha pili kilichotoka mwaka 2019, ambacho hakikuuzwa Japani na ndiyo maana unalazimika kuagiza Uingereza, kimeongezwa takriban sentimita 10 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo mama mkwe atakaa bila magoti kubanwa. Buti nalo limepanda kutoka lita 354 hadi 422. Vishikio vya milango ya nyuma vingali juu, kando ya dirisha, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Urembo huo mimi ningeuacha.

Injini ya lita 1.0 yenye silinda tatu na turbo inatosha kabisa. Shaka yangu iko kwenye giaboksi unayoitaka, ambayo ni ya klachi mbili zinazopokezana kubadili gia zenyewe. Foleni ya feri ni ya kusogea kidogo na kusimama, tena juani, na mwendo huo ndio unaozichosha klachi za aina hii, huku gari likishtuka kila linapong'oka. Ningekushauri uchukue ya gia sita za mkono: mguu wa kushoto utalalamika, lakini klachi yake haitamtatiza fundi wako.

Rimu za inchi 19 zipendeze kwenye picha tu. Matairi yake ni membamba ubavuni, nawe utayapitisha kila siku kwenye matuta na kwenye ukingo wa chuma wa feri. Inchi 17 zinatosha. Maji yakiwa ya kupwa, mteremko huwa mkali, basi shuka taratibu usije ukakwaruza bampa.

Kabla ya kulipa, dai picha za chini ya gari, hasa mabomba ya breki na viungo vya springi. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu iliyoanzia huko itakolezwa na upepo wa bahari huku kwetu. Muuzaji akisitasita kuzituma, tafuta gari jingine.