Pumzi Si Dawa ya Katriji

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia NES yake, ile mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo, pamoja na katriji 12, yaani kaseti zake za gemu. Nikiiwasha, taa nyekundu inawaka na kuzima, na skrini nayo hivyo hivyo. Mwanzoni nilikuwa natoa katriji, naipuliza, na baada ya mara tatu nne inakubali. Siku hizi hata nipulize vipi, inagoma. Fundi mmoja ananishauri nikate mguu wa chipu ya ulinzi, mwingine anasema nitoe konekta, ile soketi ya ndani inayopokea katriji, niichemshe kwenye sufuria. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikate kitu, na hilo la sufuria tutalifikia. Kwanza acha kupuliza. Acha leo, usingoje kesho.

Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara limo neno "nimepuliza", kana kwamba ni hatua inayojulikana ya matengenezo. Si matengenezo. Ukichomoa katriji, ukaipuliza, ukairudisha, umefanya mambo mawili kwa mpigo. Pini zimesuguana upya na zimekaa mahali tofauti kidogo na pale pa mwanzo. Hapo ndipo mashine ilipoamka. Pumzi imedandia sifa isiyo yake. Jaribu mwenyewe: itoe na kuirudisha mara hizo hizo tatu nne bila kupuliza, uone kama haitafika pale pale.

Ingekuwa haina faida tu, nisingepiga kelele. Pumzi ya mtu ina mvuke na chembe za mate. Unyevu huo unaweza hata kusaidia umeme upite kwa dakika chache, na ndiyo maana watu huapa kwamba imefanya kazi, kisha unabaki mle ndani ukila metali taratibu. Nintendo wenyewe waliwahi kuwaonya watumiaji waziwazi wasipulize katriji wala mashine. Kuna katriji niliyoifungua ya mtu aliyekuwa ameipuliza tangu utotoni. Vile vidole vya metali vya ukingoni, ambavyo hutakiwa kung'aa, vilikuwa na madoa ya kijani na ukoko mweupe, hasa katikati, pale pumzi inapogonga. Kijiti cha kwanza cha pamba kilitoka cheusi tii. Cha tano kikatoka kijivu, na chini ya uchafu nikakuta vishimo. Uchafu unatoka, mwanangu. Vishimo havitoki.

Sasa, kwa nini NES ndiyo iliyowafundisha watu tabia hii? Katriji za kubadilisha zilikuwepo tangu Fairchild Channel F ya mwaka 1976, iliyotengenezwa na timu ya Jerry Lawson, na Atari 2600 ikafuata mwaka 1977. Famicom, yaani NES ya Kijapani, ilitoka Julai 1983 na katriji yake ilizama kutokea juu, moja kwa moja, kwenye konekta ya pini 60. Lakini mwaka huo huo soko la gemu la Marekani lilianguka vibaya, na wenye maduka waliobaki na marundo ya katriji zisizouzika hawakutaka tena kusikia habari za konsoli, yaani mashine za gemu. Kwa hiyo Nintendo walipoingia Marekani mwaka 1985, waliivisha mashine yao sura ya deki ya video: mlango mbele, katriji inaingia kwa ulalo, halafu unaikandamiza chini. Ganda hilo alilichora Lance Barr. Kibiashara lilikuwa wazo zuri. Lakini pini 72 za konekta zinabeba mzigo wa mkandamizo huo kila unapocheza, mwaka hadi mwaka, mpaka zinachoka na kulegea. Toleo lililotoka mwaka 1993 lilirudisha katriji juu, na halina ugonjwa huu wa taa.

Taa yenyewe ni hivi. Ndani ya mashine kuna chipu ya ulinzi, na ndani ya katriji kuna mwenzake. Wawili hao wanazungumza muda wote. Pini moja tu kati ya zile wanazozungumzia ikikosa kugusa, chipu ya mashine inaanzisha kila kitu upya, karibu mara moja kwa sekunde. Ndiyo maana unaona kuwaka na kuzima. Anayekwambia ukate mguu wa nne wa chipu hiyo anasema kweli kwamba taa itatulia. Lakini uchafu uko pale pale, na badala ya taa kupepesa utapata skrini tupu au picha iliyovurugika. King'ora umekizima, mwizi bado yumo ndani.

Fanya hivi. Fungua katriji, nyingi zinataka bisibisi maalumu ya milimita 3.8, za mwanzo zinafunguka kwa bisibisi bapa ya kawaida. Toa bodi. Chovya kijiti cha pamba kwenye isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 90 au zaidi, kidogo tu, usugue vidole vya metali pande zote mbili, ukibadilisha vijiti mpaka kimoja kitoke cheupe. Utaona maandishi nyuma ya katriji yanayokataza spiriti, benzini na thina. Kwa benzini na thina nakubaliana nayo kabisa. Isopropili safi, kwenye metali tu, bodi ikiwa nje ya ganda, naitumia kila siku. Usitumie msasa, wala kifutio kigumu. Na kama katriji ina betri ndani, kama ile ya The Legend of Zelda, usiiguse, maana ikitoka tu kumbukumbu za mjomba wako zimefutika.

Kisha nenda kwenye konekta ya mashine. Kuichemsha si upuuzi mtupu, kwa sababu maji moto hulegeza uchafu wa miaka. Tatizo ni kwamba watu huchemsha kwa maji yenye chumvi na madini, wanaifuta kwa juu, wanairudisha ikiwa bado na maji katikati ya pini. Ukiamua kuchemsha, tumia maji yasiyo na madini na uiache ikauke siku nzima. Kuinua pini kwa sindano usijaribu. Konekta mpya za bei rahisi nazo siziamini, kwa maana nyingi hubana katriji hadi kuikwaruza. Ya asili ikisafishwa vizuri huzishinda.

Ukimaliza, jaribu zote 12. Ikigoma moja, ugonjwa uko kwenye katriji. Zikigoma zote, rudi kwenye konekta.

Nimekuwa mkali kuhusu kupuliza kwa sababu ni mzazi wa tiba nyingine mbaya zaidi. Xbox 360, konsoli ya Microsoft, ilipotoka mwaka 2005 na taa zile nyekundu tatu zikaanza kuwatesa watu, ilikuwa ni viungio vinavyopasuka kwa kupata joto na kupoa tena na tena. Microsoft waliongeza dhamana hadi miaka mitatu mwaka 2007, na ikawagharimu zaidi ya dola bilioni moja. Wakati huo huo mitaani watu walikuwa wanafundishana kuifunga mashine kwa taulo na kuiwasha mpaka iive. Iliyokwisha kupasuka kwa joto, unaipa joto! Baadhi ziliamka, zikacheza siku mbili tatu, zikafa moja kwa moja. Wengine walitia bodi kwenye oveni ya jikoni. Niliwahi kuletewa moja iliyookwa na mtu aliyejiita fundi: kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa, soketi za plastiki zimepinda kama mshumaa uliosahaulika juani, na mteja alikuwa ameshalipia "matengenezo" hayo.

Mafundi wa aina hiyo wanaishi kwa zile siku mbili tatu. Kwa hiyo ukienda kununua konsoli ya zamani, iguse kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina joto, omba ipoe kwanza, iwashwe mbele yako, na uiache icheze saa nzima kabla hujatoa hela.