Usiiandike DISPLAY kwa mkono: kwa mnaoanza kufungua programu za Linux kutoka mbali

Umepewa akaunti kwenye kompyuta kubwa ya Linux iliyoko chuo kingine, pengine nchi nyingine kabisa, na wewe una laptop ya Windows. Unaingia kwa ssh, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri, unaandika jina la programu unayotaka kuiona, na jibu linakuja mstari mmoja: Can't open display. Hapo wengi hukimbilia kubandika amri za kuokota mtandaoni za kuweka DISPLAY, ile thamani inayoiambia programu ichore kwenye skrini ipi. Tulia kwanza. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya kusaidia wageni ni kufuta amri za namna hiyo.

Anza kwa kujua nani ni seva. Kwenye X, mfumo unaochora madirisha ya programu za Linux, seva ni programu inayoshika skrini, kibodi na kipanya, kwa hiyo iko kwenye laptop yako. Mteja ni ile programu inayotaka kuchora dirisha, nayo iko kule mbali kwenye mashine yenye nguvu. Najua tumezoea kinyume chake, na hata watu wa siku nyingi huteleza hapa. Mfumo huu ulianza MIT mwaka 1984, kwenye mradi wa Athena, mikononi mwa Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na mpaka leo tunasema X11. Mradi ule ulikuwa na mashine za kampuni tofauti, ikatakiwa programu iweze kuchora kwenye skrini yoyote bila kujali imeundwa na nani. Ndiyo maana hata leo programu ya Linux inakubali kufunguka juu ya Windows.

Kwa kuwa seva ni yako, kuiwasha ni kazi yako. Kwenye Windows wengi hutumia VcXsrv au Xming, kwenye Mac ni XQuartz, kwa sababu Apple waliiondoa X11 yao tangu Mountain Lion ya 2012. Mwenye Linux tayari anayo. Mwenye Windows 11 mimi humwelekeza moja kwa moja kwenye WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows: ina seva yake ndani, ukiita ssh kutoka humo huhitaji kusakinisha kingine.

VcXsrv ikiwaka itakuuliza kama uzime ulinzi wa kuingia. Utakuta maelekezo mengi yanakuambia weka tiki, au uandike xhost +, amri inayomruhusu kila mtu. Usifanye hivyo. X haina ukuta kati ya programu na programu: yeyote aliyeruhusiwa kufikia seva yako anaweza kusoma kila unachoandika kwenye madirisha mengine, nywila zikiwemo. Ukipitia ssh huna haja ya kumfungulia mtu mlango huo.

Sasa tuje kwenye DISPLAY yenyewe. Ingia kwa ssh -X, yaani uiombe ssh ikupitishie madirisha, kisha andika echo $DISPLAY. Kama mambo yako sawa utaona localhost:10.0 au namba ya jirani. Wewe hukuiandika, ssh ndiyo imeiweka. Inaanzia 10 ili isigongane na skrini halisi za mashine ile, na kwa kuwa X huhesabu poti kuanzia 6000, kule mbali kuna mlango unasikiliza kwenye 6010. Kila kinachochorwa kinaingia hapo, kinapita ndani ya ssh kikiwa kimesimbwa, kinatokea kwenye laptop yako. Pamoja na hayo, ssh inatunga kuki ya bandia (kuki hapa ni namba ya siri ya kuifikia seva) na kuiandika kule kwenye faili la .Xauthority, halafu huku kwako inaibadilisha na ile halisi. Kuki halisi haitoki nyumbani.

Ukiandika mwenyewe export DISPLAY ikifuatiwa na anwani ya laptop yako, umeikata njia hiyo yote. Programu itajaribu kuja moja kwa moja bila usimbaji, itagonga ruta ya nyumbani kwako na kurudi. Baya zaidi ni kuiweka amri hiyo kwenye .bashrc, faili la amri zinazojiendesha zenyewe, kwa sababu itafuta thamani sahihi kila unapoingia. Kwa hiyo akija mtu na shida ya X, ombi langu la kwanza ni kuliona hilo faili.

Sheria hii ya kutoiandika DISPLAY kwa mkono ni ya upande wa mbali. Kwenye laptop, ukitumia ssh ya PowerShell, lazima uiambie seva iko wapi, yaani uweke DISPLAY iwe localhost:0, ndipo uombe -Y (tofauti yake na -X iko hapo chini). Kwenye PuTTY kuna kisanduku cha X11 chini ya SSH. Weka tiki, basi.

Ikiwa echo inarudi tupu, ingia tena kwa ssh -v, inayoeleza kila hatua, na usome. Labda msimamizi ameandika X11Forwarding no, yaani amezuia kupitisha X, na hapo huna la kufanya ila kumwomba. Labda xauth, programu inayotunza zile kuki, haijasakinishwa kule. Lakini hata echo ikijibu vizuri, iko sababu ambayo wageni hawaifikirii kabisa: nafasi ya diski. Matokeo ya hesabu zako yamejaza mgao wote, xauth inashindwa kuandika .Xauthority, na wewe unaambiwa kuna tatizo la uthibitisho. Mtu anahangaika na funguo za ssh mchana kutwa, kumbe angefuta mafaili mawili matatu. Andika quota au df -h kabla ya kugusa kitu kingine.

Mwingine atalalamika kwamba dirisha la kwanza lilifunguka vizuri, akaenda kunywa chai, la pili likakataa. Ni -X hiyo: ina kikomo cha dakika 20 kisha haipokei dirisha jipya. Kwa -Y hakuna kikomo, lakini unakuwa umeiamini mashine ya mbali kikamilifu. Debian na Ubuntu wamebadilisha mpangilio, kwao -X inafanya kazi kama -Y.

Wanaotumia tmux, programu inayoacha kazi zako zikiendelea kule hata ukitoka, nao wana lao. Umetoka, umeingia tena, ssh mpya imekupa localhost:11.0, lakini paneli ya jana bado imeshika 10.0. Usiirekebishe kwa kubahatisha. Fungua paneli mpya. Tmux hubeba thamani mpya unapojiunga tena.

Tukifika kwenye umbali, mara nyingi tatizo si kasi ya intaneti yako. X ya zamani inauliza na kusubiri jibu, inauliza tena na kusubiri tena, kama kumtuma mtoto dukani kila safari kitu kimoja. Tuseme kutoka Dar es Salaam hadi mashine iliyoko Ulaya, kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Programu ikiuliza maswali 200 ya kusubiriana kabla ya kuonyesha dirisha, zimeshapita sekunde 30, hata kama umelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote. ssh -C hubana data, haifupishi bahari.

Kwa umbali huo tumia Xpra au X2Go, au VNC kama unataka dawati zima. Hizi hujibu maswali mengi hukohuko na kukutumia yanayohitajika tu. Faida nyingine ni umeme: ukikatika na ruta ikazima, programu iliyofunguliwa kwa -X inakufa pamoja na muunganisho, na tmux haiiokoi. Ndani ya Xpra inaendelea, utaikuta ukirudi. Kazi ya saa nyingi usiiendeshe kwa -X hata kama mtandao wa ofisi ni mzuri.

Jaribu kwanza na xclock, programu ndogo ya saa. Ikifunguka, njia ni nzima na shida iko kwenye programu yako. Isipofunguka, niletee jibu la echo $DISPLAY pamoja na mistari ya ssh -v inayotaja X11. Majibu ya xauth list usiyabandike kwenye kundi la WhatsApp: ile namba ndefu mwishoni ndiyo ufunguo wa skrini yako muda wote ambao umeunganishwa.