Gari la kuita kwa simu: nauli ya kweli utaijuaje?

SWALI: Kikundi chetu cha watu 12 kinataka kununua Noah itakayokuja kijijini watu wakipiga simu, isikae kijiweni ikisubiri kujaa. Mjini ni kilomita 25 na bodaboda anachukua Sh 5,000. Mkutanoni wote walisema watalipa 4,000. Tuinunue?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Msinunue bado. Mkutanoni mtu husema ndiyo kwa kuwa jirani yake amesema ndiyo. Halafu hiyo 5,000 inawapoteza: wengi hupanda mshikaki, wawili pikipiki moja, kila kichwa 2,500. Hapo ndipo penye ushindani wenu, isipokuwa kwa mgonjwa, mjamzito na mwenye mzigo.

Chagueni kaya 60 kwa kura ya bahati nasibu, muulize nyumba kwa nyumba. Anayeuliza asiwe mwanakikundi wala mwenyekiti wa kitongoji, maana huyo hujibiwa kwa heshima. Na wanawake waulizwe wenyewe, kwani wao ndio waendao gulioni na kliniki. Anzeni na safari ya mwisho: ulikwenda lini, ulilipa ngapi, ulisubiri muda gani? Kisha elezeni huduma yote: simu ipigwe kabla ya saa 12 jioni, gari lije kesho yake saa 1 asubuhi, mzigo mmoja bure. Ndipo mtaje bei moja tu, ijibiwe ndiyo au hapana: kaya 20 zitajiwe 2,000, nyingine 20 zitajiwe 3,000, zilizobaki 4,000. Ukimwuliza mtu "utalipa ngapi?" atataja ya chini ili bei ishuke.

Tuseme ndiyo zimekuwa 16, 11 na 5. Fedha ni 32,000, 33,000 na 20,000. Basi 3,000 inaleta karibu fedha ileile ya 2,000 kwa abiria wachache zaidi, na gari la kuitwa ni nadra kujaa. Kwenda na kurudi ni kilomita 50. Tukichukulia kilomita 8 kwa lita, na lita Sh 3,000, petroli ni 18,750. Abiria 4 kila upande kwa 2,000 wanaleta 16,000: hasara hata kabla ya dereva na matairi. Kwa 3,000 ni 24,000.

Anayekataa aulizwe sababu. "Sina hela" si sawa na "halitakuja". Huyu wa pili atapanda akiliona linakuja. Msiulize wakati wa mavuno peke yake, mifuko ikiwa imejaa.

Baada ya hapo kodini gari kwa wiki 4, siku za gulio, na waliosema ndiyo watangulize 1,000 kwa simu. Hesabuni waliotuma. Gari hilo liwe na leseni ya abiria ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.